Maji ya Kutawadhia na Maji ya Samaki

Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyeniruzuku, miaka yangu yote ya kazi, kwa kupitia viumbe visivyopiga kelele. Wengine riziki zao zilikuja kwa ng'ombe, wengine kwa mikarafuu, wengine kwa kugombana na watu kutwa. Yangu ilikuja kwa samaki wa mapambo, katika duka dogo la Mlandege, hatua chache kutoka soko la Darajani. Asubuhi nilikuwa dukani, alasiri nilikuwa chuoni nikisomesha watoto Kurani. Duka nimestaafu. Chuo bado, maana huko anayestaafisha ni Mola peke yake.

Nyinyi vijana mnaofuga samaki majumbani mnaniandikia kwenye simu: "Bi Zuwena, ninunue dawa gani ya maji?" Mnakusudia ile dawa ya chupa inayotiwa kwenye maji mapya ili yasiwadhuru samaki. Mnataka nikutajieni chupa moja, basi yaishe. Mimi sikujaaliwa majibu mafupi, kwa hiyo kaeni kitako.

Mteja akiingia dukani, sikuwa nikianza kumwuliza anataka samaki gani. Nikimwuliza, "Maji yako unayachota wapi?" Wengi wakinitazama kama niliyewauliza siri za ndoa. Lakini dawa huchaguliwa kwa maji, na maji ya Unguja hayafanani. Yapo ya bomba yenye klorini. Yapo ya visima vya mjini, ambayo mengine ukionja unadhani mtu kayatilia chumvi ya mchuzi. Yapo ya mvua yaliyopita juu ya bati lenye kutu. Na yapo ya tangi la paani, ambayo ni mchanganyiko wa yote hayo na Mungu ndiye ajuaye.

Nitakuelezeni mambo haya kwa kisa cha Idi moja, si ya zamani sana, ambayo samaki mmoja nusura atuharibie sikukuu na, zaidi ya hapo, atuharibie afya ya mzee wa watu.

Asubuhi ile nilikuwa nimerudi kusali Idi, hata buibui sijalivua, simu ikalia. Alikuwa Mwanaidi, mteja wangu wa siku nyingi, anayekaa Mlandege juu ya duka la vitambaa.

"Shikamoo, Bi Zuwena."

"Marahaba, mwanangu. Idi mbaraka."

"Idi mbaraka, mama. Njoo tafadhali. Mheshimiwa anakufa."

Kabla hamjashtuka, Mheshimiwa ni samaki wa dhahabu, mwekundu, mnene. Mwanaidi alimpa jina hilo kwa sababu ana tumbo, na kutwa anafumbua mdomo bila kusema kitu. Samaki mwenyewe ni wa baba yake, Mzee Makame, mtu wa Tumbatu. Mzee huyu alikuwa mnadi wa samaki pale Mkokotoni, mwenye sauti ya kusikika soko zima. Kisha kikampata kiharusi. Mkono mmoja na mguu mmoja vikagoma, na sauti ile ikabaki maneno mawili matatu, nayo kwa taabu. Mwanaidi akamleta mjini, akamwekea kiti mbele ya tangi la kioo. Mtu aliyeuza samaki maisha yake yote akawa na samaki mmoja asiyeuzwa, na akampenda ajabu.

Walikuwa na desturi yao wawili. Kila mlo, mzee kwanza humtilia Mheshimiwa chembe za chakula kwa mkono wake mzima. Mheshimiwa akishakula, ndipo mzee naye hufumbua kinywa na kulishwa. Daktari alikuwa amesisitiza kwamba vidonge vyake vya presha asipewe tumbo tupu.

"Samaki hataki kula," Mwanaidi akaniambia kwenye simu, "na baba naye hataki kula. Tangu alfajiri hajatia kitu tumboni. Vidonge nnavyo mkononi, siwezi kumpa."

Nikachukua mkoba wangu wa kazi, ambao Mungu anisamehe, sijaweza kuutupa mpaka leo, nikashuka ngazi.

Wakati natembea kwenda huko, niwaambieni kidogo nilivyojifunza.

Mwalimu wangu alikuwa Ami Seif, ndugu wa baba yangu, mwenye duka kabla yangu. Zama zake hakukuwa na chupa hizi. Njia yake ya kwanza ilikuwa subira: anajaza ndoo maji ya bomba, anaziacha wazi mpaka kesho yake, anayakoroga kila akipita, na klorini inajiendea zake hewani. Njia hii bado inafaa, wanangu, na haina gharama. Ila siku hizi, katika miji mingine, hutiwa klorini ya namna nyingine iliyoungana na amonia, na hiyo hata uyalaze maji siku kadhaa haiondoki. Sisemi kwamba bomba lako linayo. Nasema waulize wanaokuletea maji, si vibaya kuuliza.

Njia yake ya pili ilikuwa kwa wapiga picha. Mji Mkongwe ulikuwa na wapiga picha wenye vyumba vya giza, nao wakitumia chembe nyeupe kama chumvi ya mawe katika kuosha picha zao. Ami alikuwa akinunua kwao kidogo kidogo. Chembe chache kwenye ndoo, unakoroga, harufu ya klorini inakatika hapo hapo. Watu wakimwona anatoka studio na karatasi yake iliyokunjwa, wakidhani kaenda kupiga picha ya posa. Vyumba vya giza vilipofungwa, zikaja chupa kutoka nje, na nyingi kati ya zile za kawaida, ukisoma kilichomo, ni jamaa ya chembe zile zile, ila sasa zimevaa nguo nzuri.

Ami alinifundisha neno moja ambalo nalirudia kwenu: chupa isomwe nyuma, isisomwe mbele. Mbele pana picha. Nyuma pana kazi yake. Tafuta inaondoa nini: klorini tu? Klorini na amonia? Au na madini mazito pia, kama shaba na risasi? Kisha tazama kipimo, maana ipo ya matone na ipo ya vifuniko, na anayetia ya matone kwa kifuniko amefanya mchezo mbaya, kwa sababu dawa ikizidi mno huwapunguzia samaki pumzi. Tazama na tarehe. Na ukiiona chupa imepangwa juani tangu asubuhi, ipite, hata muuzaji akikuapia. Ile inayodai inang'arisha maji, inatibu magonjwa, inaotesha majani na inaleta furaha nyumbani, mwachie mwenyewe aifurahie.

Alikuja dukani mzee mmoja, msomi wa dini, mtu wa heshima sana. Samaki wake walikuwa wakifa kila akibadilisha maji. Nikamwambia atie dawa ya kuondoa klorini. Akanitazama juu ya miwani.

"Bi Zuwena, maji haya mimi natawadhia. Yamefaa kusimama mbele ya Mola wangu, hayatafaa kwa samaki?"

Nilijua hoja yake inatoka wapi, kwa sababu chuoni somo la maji ndilo linalotangulia. Watoto wanahifadhi maji yanayojuzu kutawadhia: ya mvua, ya bahari, ya mto, ya kisima, ya chemchemi, hata theluji, ambayo katika chuo chetu hakuna aliyeiona, mwalimu wala mwanafunzi.

"Sheikh," nikamwambia, "ukitawadha, maji unayapandisha puani mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Samaki wako anayapitisha mashavuni, ndiyo pua yake, kutwa kucha."

Akafikiri, kisha akacheka mpaka akavua miwani kuifuta. "Basi huyu ana udhu kunishinda mimi." Akachukua dawa, na kila akipita dukani akiwauliza wateja wangu kama wanatawadha vyema kama samaki wao.

Na kijana mmoja wa Mkokotoni je, aliyekuja kutaka dawa ya kuyafanya maji ya bomba yawe ya bahari? Alikuwa kamkamata kisamaki cha rangi kwenye miamba, kamweka kwenye kioo na maji ya bomba na chumvi ya jikoni.

"Nyumba yenu iko umbali gani na bahari?" nikamwuliza.

"Bahari? Nkitupa kiatu dirishani kinaelea."

"Basi dawa yako ni ndoo. Mtie ndani yake, umrudishe kwao."

Hiyo nayo iwekeni akilini. Hakuna chupa ya kumfanya samaki wa bahari awe wa bomba.

Haya, nimefika kwa Mwanaidi.

Nyumba ilikuwa inameremeta. Mapazia mapya, mazulia yamepigwa, sinia za vileja na visheti mezani, na udi umetapakaa mpaka ngazini. Nikamsalimia Mzee Makame, amevaa kanzu yake nyeupe na kofia ya kazi ya mkono. Alinipa mkono wake mzima, lakini macho hayakutoka kwenye kioo. Mheshimiwa alikuwa juu kabisa, mdomo nje ya maji, akivuta pumzi kama mtu aliyepanda minara yote ya mji.

"Jana umefanya nini?" nikamwuliza Mwanaidi.

"Nimemsafishia. Si sikukuu, mama? Wageni waje wakute tangi chafu?"

Hapo nikajua. Wanangu, kila mwisho wa Ramadhani nilikuwa na misiba ya samaki mlangoni kwangu. Watu wa mji huu wakifua mapazia, wakipaka nyumba chokaa, wanamgeukia na samaki. Wanamwaga maji yote, wanasugua kioo, wanaosha changarawe kwa dawa ya kufulia nguo nyeupe, wanajaza maji mapya ya bomba, yanang'aa kama almasi. Ndani ya changarawe na chujio huishi vijidudu vyema vinavyokula uchafu wa samaki, na vyote vinakufa kwa ajili ya macho ya wageni. Badilisheni robo ya maji, wanangu, robo inatosha. Sikukuu si ya samaki.

"Na dawa ya maji umetia?"

"Nshatia! Tena nyingi. Hii hapa." Akanipa chupa. Mbele palikuwa na picha ya samaki wa dhahabu, mwekundu, mnene, sawasawa na Mheshimiwa.

"Ndiyo maana akainunua," akadakia wifi yake, Saumu, aliyekuwa amesimama na chetezo cha udi mkononi. "Kaona picha ya pacha wa Mheshimiwa, kashawishika."

"Wewe nyamaza, ulisema hata rangi ya kifuniko inafanana na pazia!"

"Nilisema, sikusema ununue."

Nikageuza chupa nyuma. Ilikuwa dawa ya kung'arisha maji tu, inayokusanya vumbi likatua chini. Klorini haiigusi hata kidogo. Na Mwanaidi akakumbuka kwamba maji ya bomba ya jana yalipotoka yalinuka kama bwawa la kuogelea la hoteli.

Mkobani mwangu nilikuwa na chupa mbili. Moja huondoa klorini peke yake, nzuri, rahisi, na katika siku ya kawaida ndiyo ningeichagua. Ya pili huondoa klorini na pia huishika amonia, sumu itokayo kwenye uchafu wa samaki, isimchome. Kwa kuwa vijidudu vyote vilikuwa vimeoshwa, uchafu wa Mheshimiwa usingekuwa na wa kuushughulikia kwa siku nyingi zijazo. Nikachagua ya pili. Na kwa kuwa naitia moja kwa moja kwenye tangi, nikapima kwa maji ya tangi zima. Mngekuwa mnatia kwenye ndoo, mngepima kwa ndoo.

Tukakaa. Nikasoma uradi wangu taratibu. Mheshimiwa akaanza kushuka, kidogo kidogo, mpaka akafika katikati ya maji, akajigeuza. Mwanaidi akapiga kigelegele. Mzee Makame akatabasamu kwa upande wake mzima.

"Mleteeni mzee tambi zake za sukari," nikasema.

Lakini wakati huo huo wakaingia wageni, majirani wa chini, na nyumba ya Kizanzibari haiwezi kuacha wageni bila udi. Saumu akatia vipande vipya kwenye makaa, akaweka chetezo chini karibu na kiti cha mzee, moshi ukapanda wa buluu, mzito, wenye harufu nzuri. Wageni wakapeana mkono wa Idi, wakala vileja, wakamsifia mzee kanzu yake, wakaenda zao.

Nilipotazama tangi, Mheshimiwa alikuwa juu tena, mdomo nje.

"Ongeza dawa, Bi Zuwena!" Mwanaidi akalia.

Hapa ndipo subira inapotakiwa, wanangu. Mkono wangu ulikuwa kwenye kifuniko. Lakini nilikuwa nimeshapima, na kipimo kilikuwa sawa. Nikanusa maji: klorini haipo. Dawa iliyofanya kazi haifanyi kazi zaidi kwa kuongezwa. Kama samaki bado anataabika, basi kinachomtaabisha ni kitu kingine. Nikakifunga kifuniko, ingawa nakiri sikujua kitu hicho ni nini.

Mzee Makame akaanza kuguna. Alinyoosha kidevu chini, kuelekea kwenye chetezo, akaguna tena.

"Baba anataka udi," Saumu akasema. Akakisogeza chetezo karibu zaidi na kuupepea moshi kwa kipepeo.

Mzee akatikisa kichwa, akaguna kwa nguvu.

"Bado haujamtosha. Mwanaidi, lete ule wa arusi, ule mzuri."

"Ule wa arusi yangu?"

"Kwani unauwekea arusi ya pili? Lete!"

Ukaletwa udi wa arusi. Moshi ukawa mwingi hata mimi nikapiga chafya. Mzee Makame akafumba macho kama mtu anayeomba subira kwa Mola wake, na kwa hakika alikuwa anaiomba. Kisha akanyoosha mkono wake mzima, akaichukua bilauri ya maji iliyowekwa tayari kwa vidonge vyake, akaimimina yote juu ya makaa.

Pakasikika chiiii! Jivu likaruka mpaka kwenye gauni jipya la Saumu.

"Baba!"

Sote tukatazama alikomiminia. Na nyuma ya chetezo, sakafuni chini ya meza ya tangi, tukaiona pampu ya hewa, kijisanduku chenye mrija, ikinguruma taratibu. Ilikuwa inavuta hewa ya pale pale chini, moshi na yote, na kuupeleka ndani ya maji. Tangu alfajiri tulikuwa tunamfukiza Mheshimiwa kwa ndani. Mzee, aliyekaa hapo kutwa kila siku, ndiye peke yake aliyekuwa anaisikia pampu ile na kujua ilipo.

"Subhanallah," nikasema. "Mzee, tusamehe. Ulikuwa unatwambia."

Akanitazama kwa jicho ambalo nadhani wanunuzi wa Mkokotoni waliokuwa wakitoa bei za kipuuzi walilijua vizuri.

Basi tukafanya kazi. Saumu, na jivu lake gaunini, akaihamisha pampu mpaka dirishani, penye hewa safi, ikaning'inizwa juu kuliko maji ili umeme ukikatika maji yasirudi kwenye mrija. Madirisha yote tukayafungua. Mwanaidi akaleta ndoo ya maji ya bomba, nikayatia dawa ile ile ya pili, safari hii kwa kipimo cha ndoo, tukayakoroga. Tukatoa sehemu ya maji yenye moshi, tukayatia haya mapya pole pole, kwa kikombe, yasimshtue. Mngekuwa hamna chupa siku kama hiyo, mngengoja ndoo ilale mpaka kesho, na kesho Mheshimiwa asingekuwapo. Ndiyo faida ya dawa ya maji, wanangu: inakununulia muda. Lakini moshi haiuondoi, joto haiondoi, wala chakula kingi kilichooza haikiondoi. Ukiona umepima sawa na samaki bado anataabika, iache chupa, uangalie chumba.

Tulikaa mpaka adhana ya adhuhuri ikapita. Tukasali kwa zamu, mmoja akibaki na mzee. Niliporudi kutoka kwenye mswala, Mheshimiwa alikuwa chini kabisa, anachokora changarawe kwa mdomo kama mtu aliyepoteza pete.

Mwanaidi akamwekea baba yake chembe za chakula kiganjani. Mzee akazidondosha majini, nyingine zikaanguka mezani. Mheshimiwa akapanda, akaizunguka chembe moja, akaiacha. Akaizunguka tena. Kisha akaimeza, na ya pili yake, na ya tatu.

Mzee Makame akageuka, akafumbua kinywa.

Saumu alikuwa wa kwanza kufika na sahani ya tambi, ambazo alizipika mwenyewe tangu alfajiri na zilikuwa zimeshapoa. Akamtia kijiko kimoja. Mzee akatafuna taratibu, akameza, huku Mwanaidi amesimama na vidonge na bilauri mpya, machozi yanamtoka na anacheka. Sote tukamwinamia, maana midomo yake ilikuwa inatafuta neno. Lilichukua muda, lakini lilipotoka lilikuwa wazi, na lilikwenda kwa Saumu moja kwa moja:

"Sukari... haba."